Gitaa la umeme la mtindo wa zamani: pesa ianzie kwenye shingo

Anayetaka gitaa lenye sura ya miaka ya 1950 mara nyingi huchagua kwanza rangi ya mwili, halafu pikapu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi), na shingo akachukua yoyote inayobaki ndani ya bajeti. Hapo ndipo pesa hupotea. Pikapu mbaya hubadilishwa kwa lehemu na nusu saa ya kazi. Tundu lililotobolewa vibaya kwenye mwili huzibwa na kutobolewa upya. Shingo iliyojisokota, upande wa besi ukienda huku na upande wa nyuzi nyembamba ukienda kule, haina dawa ya bei nafuu. Kwa hiyo njia nne za kununua tumezipanga kwa swali moja: kila njia inakupa shingo ya namna gani?

Mtindo tunaouzungumzia ni ule wa Fender wa Marekani: Telecaster, iliyopata jina hilo 1951, besi ya Precision ya mwaka huohuo, Stratocaster ya 1954 na besi ya Jazz ya 1960. Vipimo vyake ndivyo vitakavyokulinda dukani. Kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili), uzi wa gitaa una urefu wa milimita 648. Wa besi ni 864. Ubao wa freti (vijichuma vinavyokatiza shingo) wa kizamani umeviringana kwa nusu kipenyo cha mm 184, yaani una mgongo mkubwa kuliko magitaa ya leo. Nati ya Stratocaster ina upana wa mm 42 hivi, Precision 44.5, Jazz 38.

Mgongo huo una gharama yake. Kwa mpiga rithimu anayeshika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mfululizo ni raha tupu, mkono hauchoki. Mpiga solo anayevuta nyuzi juu ya freti ya 12 atasikia sauti ikikatika, kwa sababu uzi ukivutwa kuelekea katikati ya ubao hugusa freti za mbele. Ukipiga hivyo, chagua nusu kipenyo cha mm 241. Macho hayataona tofauti, vidole vitaona.

Nafasi ya kwanza: shingo iliyokamilika na mwili uliokwisha pakwa rangi

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa mwenye mikono tulivu na kekee nzuri. Wako watengenezaji wa Marekani kama Warmoth, Allparts na Musikraft wanaotengeneza shingo kwa leseni ya Fender, na unachagua umbo la nyuma ya shingo, nati, freti na mbao. Nusu ya bajeti yote iende hapo bila kusita.

Nunua shingo iliyokwisha pakwa rangi ya kinga. Mbao ya maple isiyopakwa hunywa unyevu, na watengenezaji wengi hufuta dhamana ukiiacha hivyo. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hili si la hiari. Jambo jingine kwa watu wa pwani: shingo za kizamani hukazwa chuma chake cha ndani, kinachozuia shingo kupinda, kwenye kisigino (mwisho unaoingia mwilini), maana yake kila marekebisho unafungua shingo kutoka kwenye mwili. Mbao hucheza msimu wa mvua unapoingia, na gitaa likisafiri kutoka pwani hadi Nairobi hucheza tena. Tunashauri shingo inayorekebishwa kichwani, hata kama inapunguza uzamani kidogo.

Kabla ya kulipia mwili, linganisha shimo la shingo. Kwa gitaa ni upana wa mm 56 na kina cha mm 16. Kwa besi upana ni mm 63.5. Shingo ya Jazz huingia vizuri kwenye mwili wa Precision, na wapiga besi wenye vidole vifupi hupenda mchanganyiko huo. Telecaster na Stratocaster hazibadilishani hivyo: kisigino cha Tele ni cha pembe kali, cha Strat kimeviringwa, hivyo shingo ya Strat ndani ya mwili wa Tele huacha mianya pembeni.

Daraja nalo huwakosesha wengi. Skrubu sita za daraja la kizamani la Strat zinakaa ndani ya upana wa mm 56, wakati madaraja mengi ya bei nafuu yana 52 hadi 54, na matundu hayatakutana. Mashine za kukazia nyuzi za kizamani zinahitaji tundu la mm 8.7 hivi, za kisasa mm 10. Tundu dogo hupanuliwa. Kubwa linahitaji bushi za kupunguzia.

Kufunga shingo ndiko kazi inakoharibika. Ibane shingo mahali pake, funga nyuzi mbili za pembeni zipite juu ya daraja, na usogeze hadi nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao iwe sawa pande zote mbili. Weka alama kupitia matundu ya mwili, kisha toboa maple kwa biti ya mm 3.2, ukiwa umeifunga utepe kuonyesha kina ili usitokeze upande wa freti. Matundu ya mwili yawe mapana kiasi cha skrubu kuteleza bila kushika. Skrubu ikishika mwili na shingo kwa pamoja, shingo haivutwi chini, unabaki mwanya mwembamba chini ya kisigino, na nyuzi hazitulii kwenye tuni. Paka skrubu nta ya mshumaa. Usitumie sabuni, kwani huvuta unyevu na kuleta kutu.

Umeme ni rahisi. Pikapu za koili moja hutumia potensiometa (vidhibiti vya sauti na toni) za kilo-omu 250, na zile za koili mbili 500. Kapasita ya mikrofaradi 0.047 inatosha kwa Tele na besi za Precision na Jazz. Pikapu ya Strat ya kizamani husoma kilo-omu 5.5 hadi 6.5 kwenye mita, ya Precision 10 na ushei. Igeuze uitazame chini: ukiona kipande bapa cha sumaku kimegandishwa, hiyo ni ya kauri. Za kizamani sumaku zake ni vile vijiti vyenyewe, vya alnico (aloi ya alumini, nikeli na kobalti).

Nafasi ya pili: gitaa la kiwandani la bei ya kati

Asiyetaka kutoboa mbao achukue Squier, chapa ya Fender ya bei nafuu, ya toleo la Classic Vibe. Freti zake kwa kawaida ziko sawa vya kutosha, ubao una nusu kipenyo cha mm 241, pikapu ni za alnico. Weka nyuzi mpya, ndipo uamue kama kuna haja ya jambo jingine. Mwenye pesa zaidi anayetaka mgongo halisi wa mm 184 atazame Fender Vintera II.

Nafasi ya tatu: kuagiza kwa fundi

Fundi hodari atakupa shingo bora kuliko zote, lakini unalipia kitu ambacho bado hakijakuwepo. Makubaliano yaandikwe: nusu kipenyo, upana wa nati, aina ya freti, na uzito wa mwisho. Kilo 3.5 kwa gitaa na kilo 4 kwa besi ni mipaka ya haki. Anayepiga dansi kwa muda wa saa nne amesimama anajua kwa nini.

Muulize kama atatumia mpingo kwenye ubao wa freti badala ya rosewood. Ni mgumu, hauliki haraka, na mweusi wake unapendeza mno. Una mafuta, kwa hiyo lazima ufutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi. Kusafirisha mpingo ghafi nje ya nchi kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ala iliyokamilika imesamehewa tangu Novemba 2019.

Nafasi ya nne: seti ya vipande ya bei ya chini

Inavutia kwa bei tu. Freti haziko sawa, skrubu laini hukatika kichwa, na daraja huweza kuwa limetobolewa pasipo pake. Pima kutoka nati hadi freti ya 12: lazima iwe mm 324 kwa gitaa, 432 kwa besi. Umbali huohuo kutoka freti ya 12 kwenda mbele ndipo uzi mwembamba unapaswa kukaa kwenye daraja. Kama seti umeshainunua, pima na shimo la shingo. Likiwa na upana na kina tulivyotaja, utunze mwili, na bajeti inayofuata ununue shingo nyingine.