Pawatila yangu ya mpunga: niliifungua ya zamani, mpya nikaiacha dukani

Shemeji yangu wa Nakuru ndiye aliyeanza maneno. Alipokuja matanga mwezi wa pili aliikuta pawatila, trekta yangu ndogo ya kulimia, imelala chini ya mwembe, kuku anataga kwenye trei ya zana, akasema, "Shemeji, hiki chuma uza kwa kilo. Tafuta nusu, mimi naongeza nusu, tununue mpya." Kwa hiyo niseme mapema: pesa za mpya zilikuwepo. Sikuchagua ya zamani kwa sababu ya umaskini.

Nalima ekari 4 za mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Ahero, karibu na Kisumu. Mashine yenyewe ni ile ya magurudumu mawili unayotembea nyuma yake ukishika mikono, injini ya dizeli ya silinda moja aina ya 195, nguvu za farasi 12, inawashwa kwa hendeli. Tuliinunua mtumba na imetulimia misimu mingi. Anayejua udongo wetu wa tambarare ya Kano ataelewa: ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia, ukilowa unashika gurudumu kama deni. Hapo mashine nyepesi haina kazi.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Kuiwasha kulitaka vijana wawili wapokezane hendeli. Ikiwaka, moshi mweupe mpaka jirani anauliza kama nachoma takataka. Oili ilirushwa nje kupitia tundu la kupumulia, na maji ya tangi la juu yakawa yanakwisha haraka. Injini hizi hazina rejeta, maji yanachemka tu juu pale na kupaa, kwa hiyo kuongeza maji ni kawaida. Lakini si jerikeni nzima kabla ya saa nne asubuhi.

Nikaenda Kisumu mjini kuuliza bei. Mpya yenye rotaveta (visu vinavyozunguka kuvuruga udongo) na jembe, shilingi 285,000. Kulikuwa na ndogo nyekundu ya petroli, farasi 7, kwa 95,000. Ni nzuri sana kwa bustani ya sukuma wiki, na muuzaji mwenyewe alicheka nilipomwambia matope ya Ahero. Nilimwomba anisomee warantii. Mwaka mmoja, sawa, ila nozeli (kinyunyizio cha dizeli), mikanda, sili (mipira ya kuzuia uvujaji) na klachi havimo. Sasa pawatila huharibika nini kingine? Nikainama kutazama injini ya ile kubwa: ni umbo lilelile la 195, viwanda vingi hutengeneza mchoro mmoja, na pistoni anayoniuzia kwenye rafu inaingia kwenye mashine yangu ya chini ya mwembe. Nikaona kwamba kwa upande wa injini nalipia rangi. Pesa halisi ya mashine mpya iko nyuma, kwenye giaboksi, ekseli na klachi. Kama nyuma ya yangu ni nzima, sina sababu ya kununua. Kama imekufa, hata injini ya dhahabu haitanisaidia.

Hilo si wazo langu, ni la fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye. Nilipompigia simu nimletee injini alikataa. "Mama, usiniletee injini kwanza. Acha mashine isimame usiku kucha, usiiguse. Alfajiri legeza nati ya chini ya giaboksi polepole, weka bakuli jeupe, uniambie kilichotangulia kutoka." Maelezo yake ni kwamba pawatila ya mpunga hufia kwenye sili za ekseli. Zikichoka, maji ya jaruba yanaingia ndani, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini usiku na kutangulia kutoka asubuhi. Ukikuta maji, huko ndani beringi zimeshaanza kuliwa na kutu.

Nilitoka na tochi na bakuli la kuoshea mchele. Nilizungusha nati robo, kisha nusu. Tone la kwanza jeusi na zito, lilining'inia kabla ya kuanguka. La pili jeusi. Nikasubiri mpaka oili ikajaa nusu ya bakuli, hakuna hata unyevu wa maji. Nilichovya vidole na kusugua: kulikuwa na vumbi laini la kijivu la chuma, la kawaida kwa giaboksi yenye umri, lakini hakuna kipande cha jino. Nikainua gurudumu moja moja kwa jeki na kulitikisa. La kushoto lilicheza kidogo sana. Nikampigia shemeji nikamwambia pesa zake azihifadhi kwanza.

Injini ilipofika Kibuye fundi alichomoa kijiti cha oili, akaniwekea puani. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Slivu ya injini hii, lile bomba pistoni inamotembea, inaogelea ndani ya maji, na mwishoni mwake kinachozuia maji yasiingie kwenye oili ni ringi za mpira. Zangu zilikuwa ngumu kama plastiki. Slivu yenyewe ilikuwa imelika, krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekuwa na umbo la yai pale fimbo ya pistoni inaposhika, na nozeli ilikuwa inadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza.

Shemeji alipendekeza injini mpya tupu, 68,000, tuifunge kwenye fremu ya zamani. Si wazo baya. Lakini fundi alipima krankishafti akasema haijawahi kusagwa hata mara moja, itasagwa saizi ya kwanza na bado zitabaki nyingine. Seti ya pistoni, ringi na slivu ilikuwa 4,800. Kusaga krankishafti 3,500. Ukiongeza beringi zake, gasketi, nozeli, pampu, mikanda mitatu, sili, oili, ufundi na pikipiki ya kubebea, nilitumia 27,400.

Sasa lawama yangu, kwa sababu ipo. Mara ya kwanza haikushika. Tuliiwasha nyumbani, ikaunguruma vizuri, baada ya nusu saa maji ya tangi yakaanza kutoa mapovu kama uji unaochemka. Mgandamizo wa silinda ulikuwa unapenya kwenye gasketi ya hedi, mfuniko wa silinda. Slivu inatakiwa isimame juu ya bloku kidogo, unene wa karatasi hivi, ili hedi ikifungwa ibane gasketi. Kijana wa fundi hakukwangua kutu kwenye kikalio, slivu ikakaa upande. Fundi alikuja mwenyewe, akafungua, hakuomba pesa ya ufundi, lakini gasketi ya pili nilinunua mimi na siku nne zikapotea wakati maji yameshafunguliwa upande wetu na majirani wanavuruga matope ya kupandia. Ilibidi nikodi trekta kwa ekari moja. Hiyo hela naihesabu kwenye gharama, ingawa yeye haihesabu.

Ukienda kwa fundi yeyote kwa kazi hii, kaa hapo siku ya kufunga hedi. Mwambie aweke rula juu ya slivu mbele yako. Nozeli aipime nje uone inatoa ukungu, si michirizi. Na vyuma vya zamani rudi navyo nyumbani, la sivyo hujui ni kipi kilibadilishwa.

Tangu hapo imevuruga ekari 3 zilizobaki na za dada yangu 2. Siku za kwanza niliifanyisha kazi nyepesi, nikamwaga oili mapema na kuweka nyingine ya namba 40. Inakunywa kama lita 2 kwa saa ikiwa matopeni. Kijana wangu wa kidato cha pili anaiwasha peke yake: mkono wa kushoto unainua kile kiwiko cha kuachia pumzi, wa kulia unazungusha, halafu anaachia. Dole gumba halizungushwi kwenye hendeli, nimemfundisha hivyo kabla ya kitu kingine, maana ikirudi nyuma inavunja mkono.

Haijageuka mpya. Inatikisa mpaka jioni vidole vinakuwa na ganzi. Na ukiteremka tuta la mfereji ikiwa inakusukuma, klachi za mikono, zile za kukatia kona, zinafanya kinyume: unabana ya kushoto, inakwenda kulia. Mimi nusura niingie mferejini nayo mwaka wangu wa kwanza. Mpya nazo zina tabia hiyohiyo, niliuliza.

Huduma ya fundi naipa 7 kwa 10, ile gasketi imekula mbili na kuchelewa kumekula moja. Kama wewe unalimia watu kila siku kwa kukodisha, hesabu yako ni nyingine, huenda mpya ikakufaa.

Bakuli lile sasa halirudi jikoni. Kila mwisho wa msimu nitalegeza ile nati alfajiri, na siku maji yakitangulia nitampigia shemeji kabla sijachemsha chai.