Kozi ya afilieti ya kulisha biashara ya mtandao hapa Mbeya: Jumamosi mbili safi, ya tatu ngoja niwaambie

Nimemaliza ile kozi ya Jumamosi tatu inayofundishwa ghorofani karibu na Kabwe, ile ya "biashara yako ya mtandao ijilipe yenyewe kwa afilieti" (mtandao hapa ni ile ya kujiunga na kampuni na kuingiza wengine chini yako, na afilieti ni kuuza bidhaa ya mwingine kwa linki ukapata kamisheni), ada 85,000, na imepita miezi minne tangu nimalize kwa hiyo sisemi kwa moto wa ukumbini, nasema kwa daftari langu. Jina la wenye kozi sitaji maana nina malalamiko nao na tulishayaongea ana kwa ana.

Kwanza mjue nilienda nikiwa na hali gani. Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka pesa pale Mafiati, mwaka wa sita huu, na mwaka jana nilijiunga na kampuni moja ya virutubisho kupitia dada mmoja tunayesali naye. Pakeji ya kuanzia nililipa, sawa, lakini kilichoniumiza ni pointi za kila mwezi, mzigo wa 130,000 lazima ununue ndo bonasi yako ihesabike. Mwezi ukiisha dada ananipigia, "mdogo wangu usiache pointi zikatike mwezi huu, utashuka levo", nami namheshimu, nachota kwenye floti, yaani hela ya kuendeshea uwakala. Floti yangu ilikua 600,000. Kuna Jumatatu mzee alikuja kutoa 200,000 ya mbolea, anatoka Isyonje huko, nikamwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukua unasumbua, hela ilikua uvunguni mwa kitanda changu, maboksi kumi na nne ya virutubisho. Yule mzee akanishukuru akavuka barabara kwa wakala mwingine. Hiyo siku ndo niliamua lazima nipate hela ya kuendesha hii kitu isiyotoka kwenye floti wala kwenye ada za watoto.

Sasa wazo lenyewe la kozi. Wanasema usimfuate mtu na biashara yako ya mtandao moja kwa moja, anza na ofa ya mbele, kitu cha bei ndogo chenye manufaa ambacho sio chako, unakiuza kwa linki unapata kamisheni, ile kamisheni inalipa bando na matangazo, na wale walionunua wakishakuamini ndo wachache unawaonesha biashara ya nyuma yaani mtandao wako. Hata tisini na tano kati ya mia wakikataa kujiunga hujapoteza kitu kwa sababu walishakulipia gharama. Wazungu wanaitumia hii mbinu miaka mingi, na ukiitazama vizuri kwa macho ya sokoni Mwanjelwa ni udalali tu. Dalali wa mchele wa Kyela hanunui gunia, anamkutanisha mwenye gunia na mwenye hela anachukua chake. Mimi baba yangu alikua dalali wa viazi Uyole, kwa hiyo hilo liliniingia palepale, na nikaona kwa nini yale mengine yalikua yananinyonga, kule kwenye mtandao nilikua nanunua gunia kwanza ndo natafuta mla.

Jumamosi ya kwanza ilistahili nusu ya ada peke yake. Mwalimu wa kike, mtulivu, anapita meza kwa meza anashika simu ya kila mtu. Alinifundisha kitu cha mkia wa linki, na hiki nawapa bure. Linki ya afilieti ina mkia, yale maherufi na namba za mwisho ndo yanasema huyu mteja kaletwa na nani. Mama yangu mdogo wa Tukuyu alikua ananisaidia kusambaza, lakini alikua anapiga picha ya tangazo langu anatuma picha, watu wanaenda kutafuta wenyewe jina la kozi wananunua. Mimi sifuri! Wengine wananakili linki nusu mkia unabaki, ukurasa unafunguka vizuri kabisa, mwenye bidhaa anauza, wewe huonekani popote. Mwalimu akaniambia kila ukiweka stetasi chukua simu ya mtu mwingine ubofye uone jina lako linatokea. Tangu siku hiyo nafanya hivyo, simu ya kijana wa bajaji anayepaki pale mbele ndo ya majaribio.

Jumamosi ya pili hesabu. Kamisheni haiingii siku mteja amenunua, majukwaa mengi yanaishikilia kwanza, langu ni siku 14, wakisubiri kama mteja atadai arudishiwe hela yake, kwa hiyo usipange kulipia mzigo wa tarehe 30 kwa mauzo ya tarehe 25. Na kuna muda wa linki, Amazon kwa mfano, ambao programu yao ya afilieti ipo tangu 1996, mteja akibofya asipoweka kitu kwenye kikapu ndani ya saa 24 imekula kwako. Ila hapa niwakosoe, makaratasi waliyotugawia ni ya zamani mno, wameorodhesha hadi Jumia wakati Jumia ilifunga Tanzania Novemba 2019! Mtu kalipa 85,000 anakwenda kutafuta duka lililoondoka. Na Amazon yenyewe nani wa Mbalizi ataagiza sufuria Marekani. Walitakiwa watuelekeze vya hapahapa.

Vya hapahapa nilivitafuta mwenyewe. Nauza kwa linki kozi ya Kiswahili ya ufugaji wa kuku, bei 20,000 kamisheni asilimia 40, napata 8,000. Halafu nikafikiri, huyu akishasoma kuku atataka nini? Mashine ya kutotolesha. Nikaenda kwa mwenye duka mmoja mjini anaziuza, nikamwomba, kaka nikikuletea mteja akitaja jina langu unipe ngapi, akasema 15,000 kwa kila mashine, tukaandika kwenye daftari lake tukasaini wote. Hiyo haina linki haina mkia haina siku 14, mteja akilipa jioni hiyohiyo meseji inaingia. Mwezi wa kwanza kozi tatu, 24,000. Wa pili kozi mbili mashine tatu, 61,000. Wa tatu nikalipia tangazo kwa kadi ya mtandaoni, kozi kumi na moja mashine mbili, 118,000, nlilia jamani sio uongo, nilikua jikoni namenya viazi na baridi ya Julai ile ya Mbeya mnaijua vidole vimekufa ganzi, simu inalia inalia. Wa nne kozi saba mashine tatu, 101,000. Jumla 304,000.

Toa ada 85,000, toa bando 20,000 kila mwezi ni 80,000, toa matangazo mara mbili 60,000. Inabaki 79,000 kwa miezi minne. Pointi za mtandao kwa miezi hiyohiyo ni 520,000. Mnaona hiyo? Afilieti yangu inafanya kazi, inalipa, lakini haiwezi kubeba pointi hata za mwezi mmoja. Hili kwenye kozi hawakulisema, kwenye ubao waliandika kamisheni na bando na matangazo, ule mstari wa mzigo wa kila mwezi haukuwepo. Nilinyosha mkono nikauliza nikaambiwa "hiyo utaona ukikua".

Na hapo ndo inakuja Jumamosi ya tatu. Tumefika saa tatu asubuhi, chai ya maziwa na maandazi safi, mara kaingia kaka mwenye suti tusiyemjua, na somo la siku ikawa mtandao wao wenyewe, pakeji 420,000, fomu zinagawiwa, "leo tu". Yaani sisi ndo tulikua wateja wa ofa ya mbele, na biashara ya nyuma ndo hii. Mbinu yenyewe siilaumu maana ndo walitufundisha, ninacholaumu ni kutotuambia tangu siku ya kwanza. Wamama wawili walijaza fomu palepale, mmoja alikua ametoka Chunya amelala kwa ndugu ili awahi. Mimi nilimuuliza yule kaka swali moja tu, bonasi inalipwa kwa bidhaa zilizofika kwa mlaji au kwa mzigo tunaonunua sisi? Hakujibu, alisema tuwe na mtazamo chanya. Hilo swali sikulitunga, ndo swali lililoamuliwa Marekani 1979 kwenye kesi ya Amway, kampuni ya biashara ya mtandao iliyoshtakiwa kuwa ni piramidi (malipo yanatokana na kuingiza watu, sio kuuza bidhaa), ilipona kwa sababu ilikua na kanuni msambazaji awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichonunua na awe na wateja kumi wa kweli kila mwezi. Na 2016 Herbalife, nao ni wa mtandao, wakalipa dola milioni 200 na kutakiwa wabadilishe malipo yafuate mauzo halisi. Huku kwetu sheria ya makosa ya jinai inakataza upatu wa piramidi, na waliolia na DECI 2009, ule mchezo wa kupanda na kuvuna hela, wengine ni wazazi wetu.

Jingine lililonikera, walisema usiwaambie watu kama unalipwa. Mimi nawaambia. Naandika kabisa kwenye stetasi "ukinunua hapa napata kamisheni", na hakuna hata mmoja aliyekimbia, mama mmoja wa Iyunga alinijibu "haya mwanangu nawe upate". Grupu la msaada waliahidi siku 90 likafungwa siku ya 60, nalo niliwaambia.

Nawapa nyota tatu kwa tano, zote ni za yule dada mwalimu, ndaga fijo kwake. Kwa mimi, pointi za kila mwezi nimeacha, levo imeshuka na dada wa kanisani tumeongea tukaelewana, siku hizi naagiza boksi pale tu mteja ameshalipa. Floti imerudi 540,000.

Wanaanza darasa jipya Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Anayekwenda alipie ukumbini achukue risiti, abebe daftari na simu imejaa chaji maana soketi ni moja kwa watu thelathini, na siku ya fomu aiombe aende nayo nyumbani akalale nayo.