Soarer ya V8 Unguja: miaka mitatu na chumvi

Majirani zangu wa Bububu walipoiona Soarer yangu imeegeshwa chini ya mwembe walinipa hongera, kisha karibu kila mmoja akauliza: "Sasa sheikh, hii utaiendesha wapi?"

Wana haki ya kuuliza. Toyota Soarer ya kizazi cha nne, iliyouzwa Japani kwa jina hilo kuanzia 2001 mpaka 2005 na baadaye ikaitwa Lexus SC, ni gari iliyotengenezewa safari ndefu za raha. Ina injini ya V8 ya lita 4.3, farasi 280, viti vya ngozi na mbao za kweli, na paa gumu linalojikunja lenyewe na kuingia butini kwa sekunde kama 25. Unguja yetu haifiki kilomita 90 kwa urefu. Mimi nasema gari hii inafaa hapa, na ningeinunua tena, lakini mwenye kuitaka ajue mapema kwamba atashughulika na chumvi kuliko atakavyoshughulika na mafuta.

Niliipata mnadani Japani kupitia muuzaji wa mtandaoni. Karatasi ya mnada ina mchoro wa gari wenye herufi ndogo: A ni mchubuko, U ni bonyeo, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Yangu ilikuwa na A mbili na U moja tu, na kwa hilo moyo ukatulia. Ushuru sitauzungumza sana. Ule wa forodha wa 25% ni mwanzo tu, nyuma yake unakuja wa ukubwa wa injini, wa umri wa gari na VAT, na kwa gari ya V8 iliyopita miaka kumi hesabu inauma. Piga hesabu hiyo kabla hujatuma hata dola moja.

Kilichoniponyoka ni taimingi belti. Injini hii inatumia mkanda, si cheni, kuoanisha mwendo wa valvu na pistoni, na Japani hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Mafundi wa kule wakishabadilisha hubandika stika ndani ya chumba cha injini yenye tarehe na kilomita. Gari yangu ilikuja na kilomita 92,000, stika hakuna. Muuzaji akaniandikia kuwa mkanda mpya, nisiwe na wasiwasi. Fundi wangu, mtu mzima aliyeanza kazi hii mimi sijazaliwa, alikataa kuiwasha mara ya pili mpaka afungue. Akautoa mkanda, akaukunja kwa vidole viwili mbele ya macho yangu. Mgongoni ulikuwa na nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja, na pembeni nyuzi zimeanza kuchomoza. "Mwanangu," akaniambia, "huu ungekatika barabarani, valvu zingegongana na pistoni, na hapo ungetafuta injini." Tulibadilisha mkanda, tenshena inayoukaza na pampu ya maji kwa pamoja. Spea hizo hazikutusumbua, kwa sababu injini yenyewe ndiyo ile ya Celsior, sedani kubwa ya Toyota. Spea za bodi na za paa ni habari nyingine. Hizo utaagiza Japani na utasubiri meli.

Sasa chumvi. Mwaka wa kwanza nililala Paje usiku mmoja wa kusi, gari nje, upepo unatoka baharini moja kwa moja. Asubuhi nikapitisha kidole kwenye mpira wa paa, kikatoka cheupe. Nikafanya walivyofanya wenzangu, nikachota ndoo za kisimani nikaiosha. Ilipokauka ilikuwa na madoa zaidi ya mwanzo. Nikayaonja yale maji: yana uchumvi, kama ya visima vingi vya pwani. Tangu siku hiyo sioshi gari kwa maji nisiyoyaonja. Nina tangi la maji ya mvua nyumbani, na kila nikirudi kutoka pwani naisuuza kwa maji hayo, chini kwanza, juu baadaye. Mipira ya paa naipaka silikoni kila mwezi.

Mwembe nao ulinitia hasara. Chini ya paa kuna vijia vinavyopeleka maji ya mvua mpaka chini ya gari. Maua ya mwembe yaliingia yakaviziba, masika ikaja, nikafungua buti nikakuta zulia limelowa na harufu ya uvundo. Siku ile nilihuzunika kweli. Wiki nzima nilikausha zulia barazani. Vijia tulivizibua kwa mshipi mnene wa kuvulia, unaoupitisha taratibu mpaka utokeze chini. Waya usitumie, unatoboa. Gari sasa inalala chini ya bati.

Matairi yake, 245/40 ya inchi 18, yalikuja ya aina ile inayotembea hata likiwa halina upepo. Ni magumu mno kwa barabara zetu. Nimeweka ya kawaida, na raha imerudi. Redio ya Kijapani inasoma FM kuanzia 76 hadi 90, kwa hiyo utahitaji kifaa cha kuipanulia masafa ndipo upate stesheni zetu nyingi. Mafuta: mjini lita moja inanipa kilomita 6, njia ya Paje 9. Viti vya nyuma ni vya watoto, mtu mzima usimtese.

Na kuhusu wapi naiendesha: Julai iliyopita nilimpeleka mama Makunduchi kwenye sherehe za Mwaka Kogwa. Mgongo wake haustahimili gari ndogo hata nusu saa. Tukatoka asubuhi, paa limefungwa, mwendo wa 70, mshale wa injini haufiki 2,000. Pale Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, nilipunguza nikayapanda kwa mshazari, tairi moja moja, ili tumbo la gari lisiguse. Kima walikuwa juu ya miti, nikataka kumwonyesha mama, kumbe amelala tangu Tunguu. Alizindukia Makunduchi kwa kelele za ngoma. "Tumefika?" akauliza. Jioni aliniomba nifungue paa, akajifunga ushungi vizuri, tukarudi na upepo mpaka Kitogani.

Leo imefika kilomita 118,000. Bushi za mbele kushoto, mipira ya kwenye viungo vya gurudumu, zimeanza kugonga nikipita mashimo ya Mwanakwerekwe. Nimeagiza, zinakuja na meli ya mwezi ujao.