Kitabu cha wasifu wa marehemu: huduma ya duka moja la uchapaji mjini Tabora

Baba yangu mkubwa alipofariki mwezi Machi, kamati ya mazishi ilinikabidhi kazi ambayo katika familia zetu humwangukia yeyote anayesemekana kuwa anajua kuandika, yaani kusimamia kitabu cha mazishi chenye ratiba, nyimbo, picha na wasifu wa marehemu. Nilikwenda katika duka la uchapaji lililopo katikati ya mji wa Tabora, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kulisifu. Duka hilo limeongeza huduma ya kuandika wasifu wenyewe badala ya kuuchapa tu. Walitutoza shilingi 50,000 kwa uandishi na upangaji wa kurasa, na shilingi 1,800 kwa kila nakala ya kurasa 12. Kwa nakala 150 tulilipa jumla ya shilingi 320,000.

Kuhusu uchapaji sina malalamiko makubwa. Tulipeleka kazi Alhamisi mchana na vitabu vikafika msibani Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya kuaga mwili, vikiwa vimebanwa vizuri na maandishi makubwa kiasi cha wazee kusoma bila miwani. Kosa ni picha. Picha ya mahafali ya marehemu, ya rangi nyeusi na nyeupe, waliipaka rangi kwa kompyuta na joho likawa la zambarau, kwa sababu jalada lilikuwa la zambarau. Shangazi aliitazama kwa muda, akauliza kama kaka yake alikuwa askofu.

Jambo lililonifanya niandike tathmini hii ni wasifu. Duka lina fomu ya ukurasa mmoja ambayo mteja huijaza, kisha mwandishi wao huigeuza kuwa habari. Fomu hiyo imetenga mistari minne kwa elimu, miwili kwa kazi na mitano kwa ugonjwa, na mtu akiitazama ataelewa kwa nini wasifu nyingi tunazosomewa makaburini humpitisha marehemu hospitali moja hadi nyingine kwa utaratibu mzuri, ilhali miaka 35 ya utumishi inafungwa kwa maneno "alifanya kazi sehemu mbalimbali kwa uadilifu". Rasimu ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa hivyo hasa.

Ilikuwa pia na makosa ambayo familia isiyo na mtu wa kukagua nyaraka ingeyapitisha na kuyazika pamoja na mwenyewe. Iliandikwa kwamba baba mkubwa alipata shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka huo chuo chenye jina hilo kilikuwa bado hakijakuwa chuo kikuu kinachojitegemea: kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kijana wa Kitanzania alikwenda kule fani yake ilikofundishwa, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, kilimo Makerere. Kitivo cha kilimo cha Dar es Salaam kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Marehemu alisoma Makerere, na cheti chake, ambacho mjane wake alikitoa katika sanduku la bati, kina jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Nilipomwonyesha mwandishi wao jambo hili, alinijibu kwa adabu, "Dada, wengi wanataka vyeo na tarehe tu, maana mchungaji anatoa dakika kumi." Nakubali kwamba wateja wanachangia. Hata hivyo, ukutani wamebandika vitabu vya mfano, na katika kimojawapo nilisoma kwamba mzee fulani alipata "shahada ya Makerere" mwaka 1945, wakati ambapo Makerere ilikuwa ikitoa stashahada. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka huko mwaka huohuo na stashahada ya ualimu, akaja kufundisha hapahapa Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, na shahada yake akaipata Edinburgh mwaka 1952. Duka linalouza wasifu katika mji kama huu, ambao shule zake zimetoa wasomi tangu zama za ukoloni, lingepaswa kuwa na karatasi moja tu yenye majina ya vyuo na miaka yake.

Makosa mengine mawili yalihusu kazi. Miaka ya 1968 hadi 1970 iliachwa tupu, kana kwamba msomi alikuwa nyumbani akisubiri ajira, kumbe alikuwa katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo wahitimu walilazimishwa kulitumikia kwa miaka miwili chini ya sheria iliyowafanya wanafunzi wa Dar es Salaam waandamane Oktoba 1966 na karibu 400 kati yao kurudishwa makwao. Na mwaka 1979 rasimu ilimfanya mshauri wa chama kikuu cha ushirika, wakati vyama vikuu vilikuwa vimevunjwa tangu 1976 na sheria ya kuvirudisha ilipitishwa 1982. Barua yake ya uhamisho inaonyesha kwamba alikuwa katika shirika la umma la tumbaku.

Sasa niseme lililonishangaza kwa uzuri. Mwandishi huyohuyo, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakununa. Ijumaa jioni alikuja msibani kwa pikipiki, akaomba kukaa na wazee chini ya turubai, akakaa zaidi ya saa mbili. Mkulima mmoja kutoka Urambo, wilaya ambako Waingereza walijaribu mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940 ukawashinda, alimsimulia jinsi marehemu alivyokuwa akizunguka usiku kwenye mabani ya tumbaku ya mvuke, yaani majengo ya kukaushia majani kwa joto la moto wa kuni, kuwafundisha kusoma kipimajoto: jani ligeuke njano kwanza kwa joto la chini, kisha likauke, mwishoni ukauke uti wake, na anayeharakisha moto siku ya pili amepoteza msimu. Mwingine alikumbuka ugomvi wa marehemu na viongozi wa kijiji kuhusu kuni za mabani hayo, kwa kuwa aliwataka wapande miti badala ya kumaliza miombo, na kwamba kwa sababu hiyo aliitwa kwa utani "Bwana Miche".

Mambo hayo yaliingia katika ukurasa wa tano, aya mbili nzima, na yaliposomwa kanisani watu walicheka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia wakati wa kusomwa wasifu. Aya ya ugonjwa ilifupishwa ikawa sentensi moja. Binamu yangu mmoja hakupendezwa, akisema kwamba waombolezaji wana haki ya kujua mgonjwa alihudumiwa vipi; mimi nilibaki na msimamo wangu.

Kwa hiyo huduma hii naipendekeza kwa masharti. Fomu yao iacheni mezani. Pelekeni vyeti vyenyewe, barua za uteuzi na za uhamisho, na picha ambazo mmekataza kupakwa rangi. Ombeni yule kijana aje msibani, ingawa safari yake haimo katika bei na sisi tulimlipa shilingi 10,000 ya mafuta. Na mkague rasimu mkiwa watu wawili, mmoja wao awe mtu aliyefanya kazi na marehemu. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni, na Jumapili humfungulia mwenye msiba akipiga simu mapema. Nakala za nyongeza kwa ajili ya kuanua matanga walituuzia kwa shilingi 1,500, na joho likarudishwa kuwa jeusi bila malipo.