Ritoti ya chuma ya kuchomea dhahabu: nimeitumia msimu mzima mwaloni

Wengi mmeniuliza kama ile ritoti (chombo kinachofungwa ili kunasa mvuke wa zebaki) ninayochomea dhahabu hapa kwenye mwalo wa kuoshea, Nyarugusu, Geita, inafaa kununuliwa. Inafaa, na kila anayeosha mchanga kwa zebaki ili inase dhahabu awe nayo. Ila ina kasoro, na nyingine zinaweza kukuunguza usipoambiwa mapema, kwa hiyo nazieleza zote.

Yangu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea mjini Geita kwa shilingi 120,000. Ni kikombe kinene cha chuma kinachoenea kiganjani, kifuniko kinachokazwa kwa skrubu, na bomba linalotoka juu kisha likashuka hadi juu kidogo ya bakuli la maji. Ukishakamua donge lako la zebaki iliyoshikana na dhahabu kwenye kitambaa, unalitia kikombeni, unafunga, unaweka kwenye mkaa. Zebaki huchemka ikifika nyuzi joto 357, na dhahabu haiyeyuki mpaka ipite 1,000. Kwa hiyo zebaki inaondoka peke yake kama mvuke, inapita kwenye bomba, inapoa, inarudi kuwa zebaki ya majimaji. Bomba nalizungushia kitambaa kibichi na kukimwagia maji kila kinapoanza kukauka. Tone la kwanza likidondoka utalisikia, maana ni zito, linagonga chini ya bakuli kama gololi.

Donge lililokamuliwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Ukilichoma kwenye karai la wazi nusu hiyo yote inapaa, na wewe unarudi dukani kununua nyingine. Kwa ritoti iliyofungwa sawasawa sehemu kubwa inarudi kwenye bakuli. Mwenye kuchoma kila wiki atairudisha gharama yake, sina shaka.

Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya pesa. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na hapo ndipo tunapoponzeka. Moshi wa kuni ukikutoa machozi unasogea. Huu unauvuta huku unapiga soga na mwenzako. Ukiingia mapafuni, sehemu kubwa inapita kwenye damu, inakwenda kwenye ubongo na figo. Aliyeuvuta miaka mingi huanza kutetemeka mikono, kusahausahau, kukosa usingizi, kupandwa na hasira bila sababu, fizi kuvimba. Kwa mjamzito unavuka kondo na kumfikia mtoto tumboni. Nimeona dada zetu wakichoma na mtoto mgongoni, kwenye jiko lile lile litakalopika ugali jioni. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Na ule usiovutwa na mtu haupotei. Unashuka ardhini, mvua inausomba mpaka mtoni na ziwani. Huko kwenye tope vijidudu huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, kali zaidi, inayojikusanya kwenye nyama ya samaki. Samaki mkubwa anayekula wenzake, kama sangara, hukusanya nyingi kuliko dagaa. Wajapani wa Minamata walilijua hili kwa uchungu. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba yao kwa miaka mingi, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Paka walipatwa na degedege, wavuvi wakashindwa kutembea na kusema, na akina mama walioonekana wazima wakajifungua watoto wenye ubongo ulioharibika. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, umepewa jina la mji huo. Unatutaja sisi pia: uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kurusha zebaki hewani.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni rangi: dhahabu inatoka na ukahawia, wakati mwingine weusi, na mnunuzi anapata kisingizio cha kukukata bei. Ikiyeyushwa na boraksi, ile chumvi nyeupe ya kusafishia dhahabu, inang'aa kama kawaida, kwa hiyo usikubali kirahisi. Ya pili, inachelewa. Mwenye haraka ataona karai ni bora. Ya tatu, huoni kinachoendelea ndani, na kwenye kikundi hilo linaleta maneno, kila mtu anataka kuiona dhahabu yake kwa macho. Sisi tumekubaliana wote wasimame kando, upande upepo unakotoka, mpaka kifuniko kifunguliwe mbele yao. Dhahabu pia hung'ang'ania chuma. Tandika karatasi au paka majivu kikombeni kwanza.

Kuhusu usalama, fundi hakuniambia lolote, na hapo namlaumu. Mdomo wa bomba usizame ndani ya maji. Kikombe kikianza kupoa kinavuta, maji yanapanda kwenye chuma cha moto, na kinaweza kupasuka. Usifungue kikiwa na joto, kwani mvuke uliobaki utakupiga usoni. Bomba likiwa la maji lililopakwa zinki, lichomeni tupu kwanza, nje, mbali na watu. Na ritoti yenyewe isilale ndani ya nyumba.

Kuna kazi ambayo chombo hiki hakiifanyi. Kinazuia mvuke wa kuchoma tu. Zebaki iliyopotea wakati wa kuosha iko kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, na marudio yale tunayauza kwenye mitambo ya sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Sayanaidi inaiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu na kuirahisishia kusafiri kwenye maji. Sayanaidi yenyewe, pamoja na ukali wake, huvunjika ikipigwa na jua na hewa. Zebaki haivunjiki kamwe. Mkataba wa Minamata umetaka mambo haya yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mchanga wote badala ya ule uliochujwa, kuchoma wazi, kuchomea kwenye makazi, na kupeleka sayanaidini marudio yenye zebaki ambayo haijatolewa. Ritoti inakusaidia kwa la pili, basi.

Kwa mchimbaji wa peke yake kikombe kidogo kama changu kinatosha. Kikundi kiagize kikubwa zaidi, chenye bomba refu, na kabla ya kulipa mwambieni fundi akichome mbele yenu kikiwa na maji kidogo tu ndani, bila donge: mvuke ukitoka kwenye kifuniko badala ya bombani, arudie kazi.