George na Tammy kwenye CD moja: wamenikatia wimbo penye utamu

Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kungoja zipoe. Juzijuzi nimenunua mtandaoni, kwa duka ambalo sitalitaja, CD ya nyimbo walizoimba pamoja George Jones na Tammy Wynette, wale waimbaji wa kantri wa Marekani, mtu na mkewe wa Nashville. Nyimbo zote zinacheza safi isipokuwa mmoja. Na huo mmoja ndio ulionitoa pesa mfukoni: "Golden Ring".

Kwa asiyeujua, ni kisa cha pete. Mchumba na mwenzake wanaiona kwenye duka la rehani huko Chicago, kijana anainunua, si ya bei lakini ndiyo aliyoiweza. Wanafunga ndoa kwenye kikanisa. Baadaye wako kwenye vyumba viwili vya kupanga, wanagombana, mke anaitupa pete chini na kutoka mlangoni. Mwishoni pete imerudi dukani, inangoja wengine. Bila mwisho huo hakuna wimbo pale, kuna ugomvi tu. Sasa CD yangu inafika mke anapotoka, inakwaruza krr, krr, kimya, halafu unaingia wimbo mwingine kwa gitaa la furaha utadhani hakuna aliyeachwa. Nimeifuta kwa kitambaa laini. Nimeipeleka kwenye gari la shemeji. Palepale.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zangu zote, habari za kazi, samahani kwa usumbufu. Akajibu: "Si zingine zote zinacheza? Ruka huo." Nikamweleza tena, polepole. Akaniuliza wazungu waliokufa zamani nawadai nini.

Nawadai, ndugu yangu! Hawa walioana 1969. Mwaka 1972 wakarekodi "The Ceremony", ambamo wanakula viapo vya ndoa ndani ya wimbo, mchungaji naye yumo. Mwaka 1973 wakaimba "We're Gonna Hold On", kwamba hawaachani ng'o, ukafika namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani, wakati huo nyumbani pombe ya George imeshavuruga kila kitu. Talaka ikatoka 1975. Na "Golden Ring" ikaja 1976, kila mtu na njia yake, ikapanda namba moja vilevile. Watu walioachana wanaimba pete iliyotupwa, halafu mimi niruke!

Sisi wa Kenya tuliokua na redio ya Jumapili, Jim Reeves na Kenny Rogers mpaka chakula kiive, hatujifunzi kantri leo. Najua ninachokosa. Msikilize George anavyoanzia chini, anaizungusha silabi moja kooni kabla ya kuiachia, na Tammy anamngojea, kisha anapanda juu yake na ile sauti yake yenye kilio ndani. Kwenye kiitikio wanaingia pamoja, waitikiaji nyuma wana ladha ya kanisani, huwezi kujua nani anamwongoza nani. Hicho kiitikio angalau nimeachiwa.

Kwa hiyo nyota moja. Ila nikiwa mkweli "Two Story House" ya 1980 nimeirudia hadi majirani wameishika, na hakuna mahali pengine nimezipata zote kwenye CD moja kwa bei hii. Nyota tatu basi. Nunueni, lakini muulize kwanza kama "Golden Ring" inafika mwisho.

Nilikuwa naelekea kuituma hii, ujumbe ukaingia: pesa harudishi, kwa sababu nimeshatoa karatasi ya nailoni. Sasa ningejuaje inakwaruza, ningeinusa? Nyota zinarudi kuwa moja. Msinunue.