Gereji ya Kizota inayopima kabla ya kubadilisha

Toyota Noah yangu, yenye kilomita 287,000, ilianza kumisi (injini kukatakata) kila ilipopanda kilima katika barabara ya Kondoa, na gereji ya kwanza ilikwisha kunibadilishia plagi zote nne bila kupima chochote. Fundi wa gereji ndogo ya Kizota, jijini Dodoma, alichomeka mashine ya kusoma makosa ya injini, akasoma msimbo P0303, yaani silinda ya tatu haichomi sawasawa, kisha akaihamishia silinda ya kwanza koili ya silinda hiyo, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Kosa lilipogeuka kuwa P0301, yaani limehamia silinda ya kwanza pamoja na koili, mgonjwa akajulikana: koili. Hata hivyo alipima kwanza mgandamizo wa silinda zote, jambo la busara kwa injini iliyotembea sana, ndipo akanituma dukani kununua koili. Foleni ni ndefu, na benchi la wateja liko juani.